Ndugu wa Tumbo Moja na Mpaka wa Ruvuma

Redioni siku hizi kuna watu wenye sauti nzuri wanaobishana habari za wakimbizi. Mtu akivuka mpaka, ni wa nani? Nchi iliyompokea ina haki ya kumrudisha kwa wanaomtaka, au haina? Mmoja anataja mkataba huu, mwenzake anataja mkataba ule, kisha muda unakwisha na wanapiga muziki. Mimi nilisoma miaka miwili tu, katika shule ya miti isiyokuwa na mlango, lakini shauri hilo si geni kwangu. Nililisikia nikiwa nimesimama kwa miguu yangu bomani, na mtu aliyekuwa akishindaniwa ni ndugu yangu. Aliyelisema neno lililompoteza ni mimi. Nitalieleza kama lilivyokuwa, wala sitajipaka mafuta.

Alikuja kwetu Chinongwe kiangazi kimoja, mashamba ya karanga ya Mwingereza yalipokuwa ndiyo kwanza yanafunguliwa Nachingwea. Tulikuwa tunapura mtama. Mtu akatokea kwenye njia ya kusini, mwembamba, vifundo vya mikono vimevimba kama magome ya mti, akauliza nyumba ya mjomba wangu kwa jina la bibi yetu aliyekwisha kufa. Mjomba akaacha fimbo ya kupuria. Akamwambia ataje mama yake, na mama wa mama yake. Akataja. Akataja hadi mahali ambapo mimi mwenyewe nisingeweza kufika. Mjomba akamshika kichwa kwa mikono miwili akalia mbele ya wanawake, na sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Mama yake alikuwa dada wa mama yangu. Alichukuliwa akiwa binti mdogo katika njaa iliyofuata vita vya Wajerumani, watu walipokuwa wakivuka Ruvuma kutafuta mihogo, akaolewa huko huko na Mmakua. Hakurudi. Sasa mwanawe amerudi. Kwetu sisi Wamwera, mtoto ni wa tumbo la mama. Waislamu tulikuwa, na kwa mwalimu wa chuo cha Kurani tuliitwa fulani bin fulani, lakini kwenye ukoo, kwenye shamba, kwenye kurithi, aliyehesabiwa ni mama na kaka yake. Baba ni mgeni aliyekaribishwa. Wazee walisema baba ni jogoo: anawika, lakini vifaranga ni vya kuku. Basi yule hakuwa mkimbizi kwetu. Alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja, aliyechelewa njiani miaka ishirini na kitu. Akaniita kaka siku ile ile.

Baada ya siku chache akatuambia kilichomleta. Upande wa Mreno walikuwa wanakamata wanaume kwa kazi ya pamba ya wakubwa, mwaka hadi mwaka, wamefungwa kamba njiani. Yeye alishikwa mara tatu. Mara ya tatu askari wa shamba alikuwa anampiga mzee aliyeanguka na mzigo, naye akachukua mpini wa jembe akampiga yule askari usoni. Jicho likaharibika. Akakimbia.

"Likaharibika kabisa?" nikamuuliza.

"Kaka, sikungoja kuangalia."

Tukacheka. Kucheka kule ninakukumbuka vizuri.

Nikamchukua kwenye karanga. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwa mnyapara wa kundi la kung'oa visiki, na ninajisifu kwa hilo, kwa sababu nilianza kwa kubeba maji na hakuna mtu aliyenishika mkono. Kiswahili changu nilikijengea pale pale, kati ya Wayao, Wamakonde, Wanyasa na mabwana waliokuwa wakipiga kelele juu ya matingatinga. Msitu ulikuwa unaangushwa kwa mnyororo mzito kama wa meli, tingatinga moja kila upande, na miti inalala kama nyasi. Sisi tulifuata nyuma na shoka. Wazungu walitaka mikono tu. Asubuhi unasimama kwenye mstari, unapewa namba ya bati, unaingia. Hakuna aliyemuuliza ndugu yangu baba yake alizaliwa wapi. Watu wa Mreno, Wanyasa, wa wapi sijui, wote walikuwa watu wa karanga.

Akafanya kazi miaka mitatu. Akaoa kijiji cha Nanganga, akahamia kwa wakwe kama ilivyo desturi, akapanda mikorosho nyuma ya nyumba. Alikuwa fundi wa kunoa shoka. Mikono yake ilipona, ila kidole kimoja hakikukunjika tena.

Kisha karanga zikafa. Mvua ilizikataa, udongo ukawa mgumu kama sakafu, na mabwana wakaanza kufunga masanduku. Matingatinga yakabaki yakiota kutu na wanaume wakabaki wamekaa. Hapo ndipo maswali yalipoanza. Wakati mikono ilipotakiwa hakukuwa na mgeni Nachingwea. Mikono ilipozidi, kila karani akawa na kitabu.

Siku moja akaja nyumbani kwangu tarishi wa baraza, Myao mmoja mnene, mtani wangu. Alikuwa anaendesha baiskeli ya serikali na kila akifika alianza kwa matusi, maana ndiyo haki ya mtani.

"Mwera! Umepika panya wangapi leo?"

"Wawili. Mmoja amefanana na wewe, nikamwonea huruma."

Siku nyingine angekaa ale. Siku ile hakukaa. Alishika usukani wa baiskeli akatazama chini.

"Ndugu yako ameshikwa asubuhi hii Nanganga. Yupo mahabusu bomani. Imekuja barua kutoka kwa Mreno, wanamtaka kwa habari ya jicho."

Sikuelewa. Nikamwambia jicho ni la kule, na mtu yupo huku.

"Ndiyo hivyo hivyo," akasema. "Serikali hizi mbili zina mapatano. Mtu wa Mreno akidaiwa kosa kule, akionekana huku anarudishwa. Lakini mtu wa hapa hapelekwi kwa Mreno, sikia vizuri, mtu wa hapa anahukumiwa hapa. Mimi ninabeba makaratasi na masikio ninayo. Bwana Shauri atauliza jambo moja tu: huyu ni mtu wa wapi? Na wao wanahesabu kwa baba."

"Kwa baba?"

"Kwa baba. Wazungu wote. Sasa nisikilize, mla panya. Narung'ombe kuna mzee mmoja, nimekwisha kusema naye. Yuko tayari kusimama aseme huyu kijana ni mwanangu, nilimzaa na mwanamke wenu kabla hajavuka. Amezaliwa Narung'ombe, baba yake wa Narung'ombe. Hakuna kitabu cha wakati ule cha kumkanusha. Wewe ndiye utakayesema, maana mjomba wako hajui Kiswahili. Sema hivyo, halafu ufunge mdomo."

Nikaenda kwa mjomba. Alikuwa anachonga mpini. Nikamweleza neno kwa neno, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyochonga kwa nguvu.

"Yule mzee wa Narung'ombe ni wa ukoo gani?" akauliza.

Nikamtajia.

"Basi nimpe mtoto wa dada yangu? Dada yangu alipotea, mwanawe Mungu akamrudisha, mimi nisimame mbele ya watu niseme ni wa nyumba ile? Kesho wakija kumdai? Akifa wakija kumzika wao?"

"Ni maneno tu, Mjomba. Ya bomani."

"Maneno ya bomani yanaandikwa." Akaweka kisu chini. "Waambie ukweli. Wewe una kinywa. Tangu lini mtoto wa tumbo letu akaombewa baba?"

Nami nikaona ni kweli. Hapa sitamsukumia mjomba kosa. Mjomba alikuwa mzee wa Chinongwe ambaye hakuwahi kusikia Mzungu akisema zaidi ya maneno mawili. Mimi nilikuwa nimekaa nao miaka mitatu. Mtani alinipa njia, na mjomba asingejua nimesema nini mle ndani, kwa kuwa Kiswahili kwake kilikuwa kelele. Ningeweza kusema uongo ule mbele ya pua yake, kisha nikamtafsiria kitu kingine. Kulikuwa na kuta mbili tu za kuruka, Mzungu na mjomba, nami miguu nilikuwa nayo. Lakini nilikuwa na kiburi. Nilidhani nikisimama nikaueleza ukoo wetu sawasawa, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili changu kile cha kununua kwa jasho, hakuna mwenye akili atakayepinga. Nilidhani ushahidi wetu ulikuwa mzito kuliko baba wa kuazima.

Siku ya shauri tulitoka alfajiri, mjomba, mimi, na mke wa ndugu yangu. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba na alikuwa amebeba ugali wa mtama kwenye kitambaa. Bomani wakatuweka kwenye benchi. Ndugu yangu akaletwa, kaptula bila mkanda, akatutolea meno. Bwana Shauri, Mzungu mwenye kuamua mashauri ya wilaya, alikuwa kijana, masikio yameungua na jua, Kiswahili chake cha kitabuni. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia askari amletee mwanamke kiti. Ninalisema hilo kwa sababu watu wakisikia habari hii hutaka awe mbaya.

"Wewe ni nani kwake?" akaniuliza.

"Ni kaka yake, Bwana. Tumbo moja."

"Mama mmoja?"

"Mama zetu dada. Kwetu ni mama mmoja."

Akaandika. "Huyu mtu ni wa nchi gani?"

Nikasimama wima. Bado ninajiona nilivyosimama, mikono nyuma kama askari.

"Bwana, huyu ni wa Chinongwe. Mama yake wa Chinongwe, bibi yake amezikwa Chinongwe, na mama wa bibi yake amezikwa pale pale, ninaweza kukupeleka ukaone makaburi. Mjomba wake ndiye huyu. Nyumba ya mjomba ndiyo nyumba yake. Mjomba akifa leo, shamba linaweza kuwa lake kabla ya kuwa la mtoto wa mjomba mwenyewe. Hakuna Mmwera utakayemuuliza atakayesema huyu ni mgeni."

"Na baba yake?"

Mlangoni nilimwona mtani, amesimama na mfuko wake wa barua. Alikuwa ananitazama kama mtu anayemtazama mtoto karibu na kisima. Nilikuwa na nafasi. Jina la yule mzee wa Narung'ombe lilikuwa ulimini.

"Baba yake si kitu, Bwana," nikasema. "Baba yake Mmakua tu wa ng'ambo. Wa upande wa Mreno. Kwetu baba ni jogoo."

Bwana Shauri akainua kichwa. "Baba yake amezaliwa upande wa Mreno?"

"Kabisa."

"Na yeye mwenyewe alizaliwa huko?"

"Alizaliwa huko kwa sababu mama yake alikuwa huko. Lakini wa hapa."

Akaandika muda mrefu. Nikamgeukia mjomba nikamtafsiria yote, na mjomba akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akagusa paja langu. Ndugu yangu naye akaninong'oneza, "Kaka, umesema vizuri." Wote tulidhani tumeshinda. Mke wake akafungua kitambaa akaanza kumegea watu ugali.

Bwana Shauri akauliza kama ni kweli alimpiga askari. Ndugu yangu akasema ni kweli, akaeleza na habari ya mzee aliyeanguka. Akaonyesha kidole kisichokunjika. Bwana Shauri akakitazama kidole kile, kisha akatazama karatasi zake, na nadhani kama pangekuwa na mstari wa kuandika kidole angeandika. Akasema polepole kwamba ameyasikia yote, kwamba mtu huyu kwa sheria ni mtu wa Mreno, na kwamba atakabidhiwa.

Nikasema hakunielewa. Nikaanza upya, kutoka kwa mama wa bibi. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Nimekuelewa sana, mzee," akasema. Nilikuwa sijafika miaka thelathini, akaniita mzee. "Wewe ndiye uliyeniambia."

Nje mtani hakunitukana, na kutotukanwa na mtani ni adhabu. Alifunga mfuko wake kwenye baiskeli, akasema, "Mwera, umemtoa kwa mkono wako," akaondoka.

Mjomba alikuwa ananivuta nguo. "Wanasemaje? Wanamfungua lini?" Ilinibidi nimtafsirie.

Wakampandisha lori siku ya tatu, kwenda Masasi na kutoka hapo hadi mtoni. Tulikuwepo. Hakulia, ila alikuwa anamwambia mkewe asisahau kuipalilia mikorosho, kana kwamba anakwenda sokoni. Mimi aliniambia, "Kaka, angalia huyo," akaonyesha tumbo la mkewe kwa kidevu, maana mikono ilikuwa imefungwa. Kamba tena. Vifundo vile vile.

Mwaka uliofuata wakaja Nachingwea kwa ndege wajumbe wa mataifa. Mtani, ambaye alikuwa ameanza kunitukana kidogo kidogo, ndiye aliyenieleza. Nchi hii si mali ya Mwingereza, akasema. Mataifa yamemwekea kama amana, kama jirani anavyoachiwa shamba la yatima, na kila baada ya miaka kadhaa wenye amana wanatuma watu kuja kulikagua. Mtu yeyote anaweza kuwapa barua. Nikakaa na daftari siku nne. Niliandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mbaya, sikutaka karani. Niliuliza hivi: mkiweka shamba la yatima kwa jirani, jirani ana ruhusa ya kumtoa mtoto wa nyumba ile akampa jirani mwingine anayempiga? Na nani amesema mtoto ahesabiwe kwa baba? Sheria hiyo mlituuliza lini?

Nikaisukuma mkononi mwa mjumbe mmoja mwenye miwani, kati ya watu. Akainama, akaipokea kwa mikono miwili, akaitia mfukoni. Mjomba alipoambiwa alianza kufagia uwanja kila asubuhi, kwa ajili ya mgeni.

Jibu lilichukua zaidi ya mwaka. Likapita bomani, likaletwa na baiskeli ya mtani. Karatasi nzuri, nzito. Mwalimu wa shule akatufasiria. Ilisema barua yangu imepokelewa na kusomwa. Ilisema baraza lao linasikiliza malalamiko yanayohusu wakazi wa nchi ya amana, na kwa kuwa mtu aliyetajwa alionekana si mwenyeji, na kwa sasa hayumo tena ndani ya nchi hiyo, baraza halina la kufanya.

"Soma tena hapo," nikamwambia mwalimu.

Akasoma tena. Walimtoa, kisha wakasema hayumo. Mjomba akauliza kama mgeni anakuja. Nikamwambia haji. Hakufagia tena, na masika yale hakuyamaliza. Alikufa akiuliza nani atashika shamba, kana kwamba mimi sipo.

Habari za mwisho tulizipata kwa mwanamke mmoja aliyevuka kwa mtumbwi akiwa na wanawe. Alisema ndugu yangu alihukumiwa, akapelekwa baharini, kwenye kisiwa cha mbali ambako watu wanapelekwa kulima na hawarudi. Jina la kisiwa hakulijua. Hatukupata maiti, wala siku, wala kaburi. Matanga tuliyaweka hivyo hivyo, watu wakakaa siku tatu wakitazamana, hakuna aliyejua kama wanamlilia mfu au mtu aliye hai. Mtani akaja akafanya kazi yake ya utani msibani, akajilaza njiani akasema hatoki mpaka maiti wake aletwe. Watu wakacheka nusu, wakaacha.

Yule mtoto alizaliwa msichana. Kwa desturi yetu si wangu hata kidogo, ni wa ukoo wa mama yake, wa Nanganga. Lakini niliambiwa nimwangalie, nikamwangalia. Alipofika umri, shule ikafunguliwa karibu na kwao, nikampandisha kwenye baiskeli yangu mwenyewe, kwa maana kufikia hapo nilikuwa nayo, nikampeleka. Karani alikuwa na kitabu kikubwa chenye mistari. Akauliza jina la mtoto, nikasema. Akauliza jina la baba.

Nilitazama mstari ule mtupu. Mama wa mtoto alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Andika langu," nikasema.

"Baba alizaliwa wapi?"

"Chinongwe. Na baba yangu Chinongwe."

Akaandika bila kuinua kichwa, akakausha wino, akageuza ukurasa, akamwita mwingine. Nilishuka ngazi za shule ile, nikashika baiskeli, nikashindwa kupanda. Nikaikokota kwa mguu hadi Chinongwe.